Usisafirie Nyota ya Mwenzio: Hoja juu ya Jiwe la Maji ya Bahari

Msomaji, nakuomba subira, kwani hoja yangu ya leo inaanzia kwenye kitu kidogo: pete ya fedha yenye kito cha buluu hafifu, katika duka moja ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe. Nilikuwa nimefuatana na binti wa dada yangu, aliyekuja kutoka Pemba kununua vitu vya harusi yake. Muuzaji, kijana mwenye adabu na ulimi wa asali, alimvisha pete ile, akauelekeza mkono wake kwenye mwanga wa mlangoni, akasema: "Hili ni jiwe la mabaharia, dada. Zamani hapakuwa na baharia wa Zanzibar asiyekuwa nalo. Mwenye kulivaa hazami."

Nilimtazama binti yetu. Baba yake alikuwa mvuvi. Msimu mmoja wa kusi alitoka na wenzake alfajiri, na hadi leo hatujapata hata ubao wa chombo chao. Binti alinyamaza, nami nikanyamaza, na ukimya wangu huo ndio ulionifanya nishike kalamu. Kwani nilijua kwamba yaliyosemwa ni uongo, na nilijua pia ulikotoka. Ila nilikosa la kusema badala yake. Mwongo alikuwa na hekaya, na mimi mkweli sikuwa na neno.

Tuanze basi na jiwe lenyewe. Sokoni linaitwa akwamarini. Ni ndugu wa zumaridi, tumbo moja. Vyote viwili ni berili, madini yaliyoundwa kwa beriliamu, alumini, silikoni na oksijeni. Kikiingia kidogo cha kromiamu au vanadiamu, jiwe huwa kijani kibichi nasi tukaliita zumaridi. Zikiingia chembe za chuma, huwa na rangi ya maji. Ugumu wake ni kati ya 7.5 na 8 katika kipimo cha Mohs, ambacho almasi hufika 10. Kwa hiyo hustahimili kuvaliwa kila siku. Na mara nyingi huwa safi ndani, tofauti na zumaridi, ambayo ni nadra kuipata bila nyufa na mawingu.

Jiwe hili linaloitwa la bahari halikuzaliwa baharini. Lulu imetoka baharini, marijani imetoka baharini, ambari tunaiokota ufukweni. Hili limezaliwa bara, ndani ya mishipa ya miamba iliyopoa polepole chini ya ardhi, ambayo wataalamu wanaiita pegmatiti. Linachimbwa Brazil, Pakistan na Madagascar. Linachimbwa Zambia upande wa Lundazi, na Msumbiji katika ardhi ya Nampula na Zambezia. Aliyelitoa shimoni huenda hajawahi kuyatia machoni maji ya chumvi. Uhusiano wake na bahari umo katika mambo mawili tu: rangi yake na jina lake. Rangi ni ya Muumba. Jina ni la watu, na hapo ndipo ugomvi wangu unapoanza.

Jina hilo ni la Kilatini, na maana yake ni maji ya bahari, basi. Plinio wa Roma, aliyefariki mwaka 79 wakati mlima Vesuvio ulipolipuka, aliandika katika kitabu cha 37 cha historia yake ya maumbile kwamba berili zilizo bora kupita zote ni zile zinazofanana na ukijani wa bahari safi. Zingatia, msomaji: ukijani. Mtu wa Roma alitazama bahari yake, akatazama jiwe lililoletwa kutoka Bara Hindi, akaona vinashabihiana. Sina neno naye. Alifanya kazi ya mshairi, kulinganisha kitu na kitu alichokijua kwa macho yake.

Lakini tazama soko lilivyomfanyia. Mnunuzi wa zama zetu anapenda buluu tupu, kwa hiyo mawe mengi yenye ukijani hutiwa motoni, katika joto la nyuzi 400 na zaidi, mpaka ukijani utoke ibaki buluu peke yake. Kazi hii si haramu wala si siri. Kila mfanyabiashara wa vito anaijua, na rangi inayopatikana haififii. Mimi nauliza tu: jiwe lililopewa jina kwa ajili ya ukijani wa bahari, likachomwa ili ukijani huo uondoke, kisha likauzwa kwa jina lile lile la bahari, ni bahari ipi hiyo? Si ya kwetu. Maji yetu, kutoka fungu la mchanga mpaka mwambani, ni ya kijani kwanza, na buluu huanza pale chini panapopotea. Mtoto wa Kojani atakuonyesha mpaka huo kwa kidole.

Sasa tuje kwenye hizo ziitwazo siri za jiwe. Askofu Marbode wa Rennes, huko Ufaransa, aliyefariki mwaka 1123, alitunga shairi la Kilatini juu ya mawe, na humo akasema kwamba berili hutia nguvu mapenzi ya mume na mke. Wengine baada yake wakaongeza kwamba huleta ushujaa, huponya macho, humlinda msafiri wa majini. Zilikuwa imani za watu wa mahali na wakati wao, nasi hatuna sababu ya kuwacheka. Kila taifa lina vyake.

Lakini hili la kwamba ni jiwe la waliozaliwa mwezi wa Machi, hili si siri ya kale hata kidogo. Mwaka 1912 chama cha wauza vito wa Marekani kilikaa kikao kikapitisha orodha ya mawe ya miezi kumi na miwili, ili biashara iende kwa mpango mmoja. Machi ilipewa mawe mawili, na akwamarini ilikuwa ya pili. Mwaka 1952 orodha ikarekebishwa, akwamarini ikatangulizwa. Mwaka 2002 wafanyabiashara wa huko huko wakaitia tanzanaiti katika mwezi wa Disemba. Ndiyo kusema nyota ya mtu ilibadilishwa kwa kura ya wenye maduka! Na sisi, ambao manahodha wetu walihesabu mwaka kwa Nairuzi na wakajua siku ya kung'oa nanga kwa kuitazama pepo, tunamwuliza binti yetu amezaliwa mwezi gani wa Kizungu ili tujue jiwe la kumvisha. Wahenga wametuonya zamani: usisafirie nyota ya mwenzio.

Wala asije mtu akaniambia kwamba kuzihoji hekaya za mawe ni tabia ya kigeni. Katika karne ya 11, Abu Raihan al-Biruni aliandika Kitabul Jamahir, juu ya vito na madini. Wakati wake ilivuma habari kwamba nyoka akiiona zumaridi macho yake hupofuka. Al-Biruni hakuikubali wala hakuikataa. Alichukua nyoka na zumaridi akajaribu. Alimvisha nyoka mkufu wa zumaridi, akamtandikia zumaridi kikapuni, akamtikisia shada la zumaridi mbele ya macho, kwa miezi, wakati wa joto na wakati wa baridi. Nyoka akabaki anaona vizuri vile vile. Huyu ni mwanachuoni wa Kiislamu, na hilo alilolijaribu ni ndugu wa damu wa kito kilichokuwa mkononi mwa binti yetu. Basi anayesema kwamba kuyapima maneno ya muuza pete ni kuiga Wazungu, amekuwa mgeni katika urithi wake mwenyewe.

Najua nitakavyojibiwa, kwani majibu hayo nimeyasikia barazani.

Jibu la kwanza ni la huruma. Wanasema: waache vijana wapate riziki yao, uongo wa dukani haumwumizi mtu. Naafiki kwamba riziki ni ngumu, na kijana yule simtukani. Lakini uongo huu hausemwi Uswisi, kwenye milima. Unasemwa katika kisiwa ambacho usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 kilipoteza mamia ya watu katika mkondo wa Nungwi, ilipozama Spice Islander ikiwa imepakia kupita uwezo wake. Na kabla ya mwaka kutimia, tarehe 18 Julai 2012, Skagit ikazama karibu na Chumbe. Katika nchi hii hakuna mtaa usio na jina la kutaja. Kumwambia mtu wa hapa kwamba kipo kijiwe kinachomzuia mtu kuzama ni kumwambia, bila ya kukusudia, kwamba waliozama walikosa kijiwe. Hawakukosa kijiwe. Walikosa mtu wa kuhesabu abiria na kusema sasa basi.

Na wazee wetu wa baharini walilijua hilo. Waliisoma Hizbul Bahri, dua ya Sheikh Abul Hassan Shadhili, na waliisoma kwa yakini. Lakini dua haikumzuia fundi kukalafati chombo, kuingiza pamba katika kila ufa na kupaka sifa kila ubao. Nahodha aliinua mikono kwa Mola wake, kisha akateremsha bildi kupima kina. Hakuwa na haja ya kuchagua kati ya imani na kazi. Anayewapachika wazee hao jiwe ambalo hawakulijua, na kuwafanya watu wa kutegemea pete, amewavua elimu yao yote ili auze pete moja.

Jibu la pili ni la hatari zaidi, kwa kuwa linatoka kwa wapenzi wa utamaduni, watu kama wewe na mimi. Wao wanasema: kama hekaya za Kirumi si zetu, basi na tujitungie zetu, tuseme jiwe hili lilikuwa mali ya masultani, au zawadi ya jini wa baharini, na wageni watafurahi. La hasha! Kutunga ni halali, na jarida hili linaishi kwa kutunga. Kinachoharamisha ni kuandika jana juu ya kitu kilichotungwa leo. Tukiibandika hekaya mpya tarehe ya kale, tumefanya kama yule aliyelichoma jiwe akaficha moto. Na njia ya mwongo ni fupi: atakuja mjukuu mwenye kusoma, atatafuta hekaya hiyo katika tendi na nyaraka, hataiona, na siku hiyo ataanza kuzitilia shaka hata zile za kweli.

Basi kama hatuazimi na hatubuni ukale, tufanye nini? Tuanze na jina, kwani anayekipa kitu jina ndiye anayekaa karibu na maana yake. Tanzanaiti iligunduliwa Mererani mwaka 1967. Mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ya New York ikaipa jina hilo, kwa kuwa jina lake la kitaalamu, zoisaiti ya buluu, halikufaa kuuzia. Angalau hapo nchi ilitajwa. Akwamarini ya Msumbiji yenye buluu iliyokolea ilipata bahati mbaya zaidi. Brazil, huko Santa Maria de Itabira, yalipatikana zamani mawe mazuri mno yakaitwa Santa Maria; yalipotoka Msumbiji yanayofanana nayo, soko likayaita Santa Maria Africana. Jiwe limetoka ardhi ya Afrika, kwa jembe la Mwafrika, nalo linatambulishwa kama kivuli cha kijiji kilicho ng'ambo ya Atlantiki!

Na Brazil nayo usidhani imefaidi kila kitu. Kito cha akwamarini kilicho mashuhuri kuliko vyote, Dom Pedro, kilitoka katika ardhi yake katika miaka ya 1980. Kina uzito wa karati 10,363, zaidi kidogo ya kilo 2, na kimo chake kinakaribia sentimita 36. Kilichongwa Ujerumani, Idar-Oberstein, kwa mkono wa Bernd Munsteiner, kikakamilika mwaka 1993, na leo kimo katika jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington. Munsteiner alikuwa fundi wa ajabu na sifa yake ni haki yake. Lakini wafuate wote waliokigusa: mchimbaji hatajwi popote, mchongaji anatajwa kila mahali. Tofauti yao ni kwamba mmoja alikitoa na wa pili alikipa sura na maelezo.

Sisi jina tunalo, ila tumelisahau kabatini. Watarjumi wa Biblia ya Kiswahili, walipofika kwenye misingi kumi na miwili ya mji katika Ufunuo, msingi wa nane, ambao ni berili, waliutia jina zabarajadi, neno la asili ya Kiarabu. Basi berili ni zabarajadi, na akwamarini ni zabarajadi ya bahari. Sitaki tuunde kamati.

Na liko jambo tamu zaidi. Neno berili lilifika Ulaya kwa Kigiriki, na Wagiriki walilipata kutoka lugha za Bara Hindi pamoja na mawe yenyewe. Wanaisimu wanalihusisha na neno hilo hilo ballur la Kiarabu, lenye maana ya jiwe jeupe linalopitisha mwanga. Wajerumani wamebaki nalo katika jina la miwani yao, Brille. Nasi je? Sisi tumebaki nalo mezani: bilauri. Kila mama wa pwani anayemwekea mgeni bilauri ya maji, ameshika mkononi jina la kito hiki likiwa limejaa maji. Walioghani zumaridi na yakuti na feruzi katika mashairi yao, wengi wao bila ya kuziona, walipita kila siku mbele ya bilauri wasiulize imetoka wapi.

Hapa nawageukia washairi, kwani lawama yangu haikomei dukani. Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa kazi mbili: tunatunga shanga na tunatunga mashairi. Mwenye utendi wa Al-Inkishafi alilijua hilo, akaufananisha utungo wake na koja la lulu. Lakini lulu ile aliijua. Leo tunasoma shairi baada ya shairi ambamo macho ya mpenzi ni almasi, meno ni lulu, midomo ni marijani, na mtunzi hajawahi kukaa na kipande chochote cha hivyo hata dakika moja. Vito vimekuwa vina tu, vya kujazia mizani. Mshairi anayesema zumaridi kwa sababu inamalizikia na -di, na muuzaji anayesema mabaharia kwa sababu inauza, ni watoto wa nyumba moja.

Na muuzaji naye ana njia. Amwambie mteja: zabarajadi hii imetoka nchi fulani, imetiwa moto au haikutiwa, si kioo, na wala si topazi iliyopakwa buluu kwa mionzi, ambayo ni nzito zaidi kwa kipimo kile kile cha ukubwa. Kisha amwambie: twende pwani ulitazame mbele ya maji. Mteja aliyeambiwa ukweli mara moja hurudi, na huja na mwenzake.

Nimalizie nilipoanzia. Binti yetu aliinunua ile pete. Kesho yake, tulipokuwa tukingojea boti bandarini Malindi, nilishindwa kuvumilia, nikamwambia kwamba yale ya mabaharia hayakuwa kweli. Alicheka.

"Mjomba," akasema, "mimi mtoto wa mvuvi. Ningemsikiliza yule? Nimelipenda kwa sababu lina rangi ya maji ya Misali, asubuhi, pale baba alipokuwa akinisimamisha chomboni, akaniambia niangalie mchanga ulioko chini."

Kisha akapanda boti, na kabla ya kukaa nilimwona akichungulia chini ya kiti kuhakikisha jaketi la kuokolea lipo.

Washairi wa visiwa hivi, mumesikia? Plinio hakumfundisha, wala chama cha mwaka 1912. Amesimama mwenyewe mbele ya jiwe na mbele ya bahari, akasema linafanana na nini, kwa nani, na saa ngapi ya siku. Alichokosa ni jina la kulitajia tu, na jina nimeshawakumbusha. Sasa tungeni.